Kuvua trauti milima ya Drakensberg wakati Dar tuko kwenye masika (uzi mrefu kidogo)

Mshipi wa Msasani (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Tangu nidokeze kule kwenye uzi wa kolekole kwamba mwezi wa tano nilikuwa Afrika Kusini navua trauti, samaki wa mtoni, kwa nzi bandia, PM hazipumui. Nimeona niandike mara moja, mwenye swali aulize hapa hapa ili na wengine wafaidike.

Nianze na majira, maana hapo ndipo wengi mnachanganya. Aprili na Mei huku kwetu ni masika. Jangwani panafungwa kwa mafuriko, maji ya mito yanaichafua bahari, kusi inaanza kusukuma, na mwenye ngalawa Kunduchi anaitazama anga mara mbili kabla hajagusa kasia. Kule Drakensberg, milima iliyokaa mpakani mwa KwaZulu-Natal na Lesotho, miezi hiyo hiyo mvua zinakuwa zimeshakatika. Wao mvua yao inanyesha wakati wa joto, kuanzia kama Novemba hadi Machi, na mito inakuwa na tope na uvuguvugu. Ikiingia Aprili tope linatuama, usiku unakuwa wa baridi, mipopla na mierebi ya kandokando ya mto inageuka manjano na kupukutisha majani, na maji yanakuwa meupe kiasi kwamba unaona kila kokoto chini. Samaki naye anachangamka, anakula kama anayejiandaa na njaa. Halafu Juni inafika, mito ya mkoa ule inafungwa hadi mwisho wa Agosti ili samaki wazaliane. Kwa hiyo ukitaka majira ya majani kupukutika, nafasi yako ni hiyo miezi miwili tu.

Trauti mwenyewe si mwenyeji wa kusini mwa Afrika. Yupo wa kahawia, asili yake Ulaya, mwenye madoa meusi na mekundu, na kila doa jekundu limezungushiwa weupe hafifu. Yupo na wa upinde wa mvua, huyu asili yake ni upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini, ana mstari wa waridi ubavuni. Wa kahawia ndiye alitangulia: mayai yaliletwa Natal mwaka 1890 kutoka Uskoti, yakaanguliwa, vifaranga wakamwagwa kwenye mito ya milimani na wakakubali.

Kwa nini milimani? Oksijeni. Maji ya digrii 10 yanabeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita moja, maji ya digrii 28 hayafikishi hata 8. Trauti anapenda maji ya digrii 10 hadi 16 hivi. Yakipita 20 anaanza kuteseka, hali vizuri, na ukimvua wakati huo hata ukimwachia anaweza kufa. Kwa hiyo wale mnaoniuliza kama wapo Ruvu au Rufiji, hapana jamani, na hawatakuwepo.

Sasa uvuvi wenyewe. Sisi tuliokulia kwenye mshipi wa baharini tumezoea risasi: unafunga risasi, unazungusha, unatupa, risasi inaubeba mshipi. Kule mambo yamegeuzwa. Nzi bandia ni vinyweleo na uzi vilivyofungwa kwenye ndoano ndogo, karibu hana uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, unaoelea, na mbele yake unaunganishwa mshipi mwingine usioonekana unaozidi kuwa mwembamba hadi kwa nzi. Nguvu zako hazina kazi hapo. Ukitumia nguvu mshipi unakurudia usoni. Ni kama mama anavyokung'uta kanga kabla ya kuianika: anavuta, anasimamisha mikono ghafla, kanga inajinyoosha yenyewe na kupiga paa. Fimbo ya kuvulia inasimama nyuma kidogo ya kichwa, unasubiri mshipi unyooke huko nyuma, ndipo unaupeleka mbele. Hiyo kusubiri ndiyo inamshinda mtu wa Dar. Sisi tuna haraka.

Lakini kurusha utajifunza kwa siku chache kwenye majani. Kazi kubwa ni kuyasoma maji, na hapa ndipo nilipenda huu uvuvi kuliko nilivyotegemea. Trauti hazunguki ovyo. Anakaa sehemu moja ameelekeza kichwa kule mto unakotoka, anaacha mkondo umletee chakula. Anataka vitu vitatu kwa pamoja: maji ya polepole ya kumpumzisha, maji ya kasi jirani yanayopitisha wadudu, na mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo unatafuta nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliomeng'enywa, au mahali mikondo miwili inapokutana. Tazama povu. Povu linapopita ndipo chakula kinapopita, kwa sababu mkondo uleule unaokusanya povu unakusanya na wadudu.

Siku moja tulikuwa mto Pholela, karibu na mji mdogo wa Himeville. Kiongozi wetu, mzee wa Kizulu asiyependa maneno, akatukalisha kwenye nyasi na kutukataza kusogea. Tukakaa. Mimi sioni kitu. Akaninyooshea kidole chini ya mwerebi: pete ndogo juu ya maji, ikapotea. Baada ya muda pete nyingine, palepale. Akaniambia nihesabu muda kati ya pete na pete, maana samaki akishapata mdundo wake wa kula haubadilishi. Tuliingia mtoni kutokea chini, nyuma ya samaki, tukitembea kwa kuburuza miguu taratibu ili mawe yasigongane. Mimi nikarusha. Nzi akatua vizuri kabisa, nikafurahi, halafu mkondo wa katikati ukaudaka mshipi wangu na nzi akaanza kuburuzwa kuvuka mto kama ana injini. Pete zikakoma.

Hilo la kuburuzwa ndilo linalokosesha samaki kuliko jambo lolote. Mdudu wa kweli anasafiri kwa mwendo uleule wa maji aliyokalia. Wako akienda haraka zaidi hata kidogo, samaki ameshajua. Dawa yake, mshipi ukishatua unaunyanyua kwa ncha ya fimbo na kuulaza kuelekea kule mto unakotoka, ili nzi apate muda wa kuelea kabla hajavutwa. Tukasubiri pete zirudi. Mzee akanibadilishia nzi, akaniwekea DDD, ambaye alibuniwa na Mwafrika Kusini mwenzao, Tom Sutcliffe, na kiasili alifungwa kwa manyoya ya mbuzi mawe kwa sababu yanaelea vizuri. Safari hii nikaulaza mshipi. Yule nzi alishuka na povu, pete ikatokea alipokuwa, nikanyanyua fimbo.

Samaki mwenyewe hakufika hata urefu wa kandambili. Wa kahawia, tumbo la manjano kama siagi. Tulimshika mikono ikiwa imelowa, maana mkono mkavu unamtoa ule utelezi unaomkinga na magonjwa, tukachomoa ndoano ambayo jino lake lilishabonywa kwa koleo, tukamwelekeza kichwa kwenye mkondo hadi alipopiga mkia akaondoka.

Mengine kwa ufupi. Miwani ya polaroidi si urembo, bila hiyo unaona mng'ao wa jua tu. Kofia ivae muda wote, ndoano zinapita karibu na sikio. Ukiona kwenye kokoto sehemu imesafishwa na kung'aa kuliko pembeni, usiikanyage. Jike wa kahawia anachimba kwa mkia na kutaga humo, na mwezi wa tano wengine wanakuwa wameshaanza. Kuhusu baridi, asubuhi nyasi zilikuwa na jalidi na pete za fimbo, zile mshipi unamopita, zinaganda maji. Ile koti uliyonunua Karume ukiiita ya baridi, iache nyumbani.

Karibuni.

---

Kibubu cha Tandika

Bila picha hii ni chai, na tena ya rangi.

---

Dogo wa Kigamboni

Nimeweka kambi hapa. Mkuu endelea kushusha nondo.

---

Mama Dagaa Feri

Mwanangu mleta uzi, nimesoma mpaka mwisho nikidhani nitafika kwenye kitoweo. Yaani mtu apande ndege, alale kwenye baridi, asimame majini hadi magoti yafe ganzi, ampate samaki, amwangalie, amwachie? Huku Feri mtu akimwachia samaki tunampeleka kwa shehe asomewe. Huko ni kumchezea kiumbe wa Mungu. Ukimvua, mle. Huna njaa, mwache aendelee na shughuli zake.

---

Mshipi wa Msasani

@Mama Dagaa Feri shikamoo mama. Sikupingi sana, na mimi nyumbani kwetu samaki ni chakula kwanza. Ila yale maji yana mwenyewe. Klabu ya wavuvi imekodi kwa wenye mashamba, wanachama na wageni wanalipa kwa siku, na mto wenyewe ni mdogo, sehemu nyingine unauvuka kwa hatua chache. Kila mvuvi akibeba wa kukaanga, baada ya msimu mmoja hakuna kitu. Samaki mmoja anavuliwa na wavuvi wengi, ndivyo mto unavyolipia matunzo yake.

Na nilikula, mama, usinifanye mtakatifu. Kwenye mabwawa wanaruhusu kuchukua. Wanamkaanga kwa siagi na limau. Nyama laini, ina rangi ya waridi kidogo, haina ile chumvi ya bahari. Changu wa Msasani akikaangwa na pilipili mbuzi bado ana kura yangu.

@Kibubu picha zipo, ila kwenye zote niko na ile suruali ya mpira inayofika kifuani na nafanana na fundi wa DAWASA. Siweki.

---

Furu Mweusi

Wakuu, niingie kidogo hapa, mimi shughuli zangu ni za samaki na nimekulia Mwanza.

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini umepita haraka sana kwenye hiyo sentensi ya "wakamwagwa kwenye mito na wakakubali". Mito ile haikuwa mitupu. Kuna samaki mdogo wa milima hiyo hiyo, wa familia moja na ningu wetu, jina lake la kitaalamu ni *Pseudobarbus quathlambae*. Alielezwa kitaalamu mwaka 1938 kutoka mto Mkhomazana, huko huko Himeville ulikokuwa unapiga pete. Baadaye hakuonekana tena kwenye mto ule, watu wakaamini ametoweka duniani. Mwaka 1970 ndipo akapatikana tena upande wa Lesotho. Leo yuko kwenye vijito vichache vya juu, na anapona zaidi pale ambapo maporomoko yanamzuia trauti asipande. Trauti anamla na anamnyang'anya chakula.

Sisi wa Ziwa Victoria hadithi hii tunaijua. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa mamia ya aina, wanaokadiria wanasema aina kama mia mbili zimepotea, japo lawama si ya sangara peke yake, uchafuzi wa maji nao upo. Upande wa pili sangara akaleta viwanda vya minofu, akajenga nyumba za watu na kusomesha watoto, mimi nikiwemo. Kwa hiyo sisemi trauti ni shetani. Ila mtu anayemwachia samaki mgeni kwa huruma, huku yule mwenyeji anamalizwa kimyakimya mto uleule, hiyo huruma yake ina upande mmoja.

---

Kibubu cha Tandika

Sasa hii ndiyo nondo. Nafuta kauli ya chai.

---

Mshipi wa Msasani

@Furu Mweusi asante mkuu, na kule kwenyewe ugomvi huo upo mpaka leo. Serikali ya Afrika Kusini ilitaka kumweka trauti kwenye orodha ya viumbe vamizi, wavuvi na wafugaji wa trauti wakapinga, wanasema ana zaidi ya karne pale na watu wanaishi kwa ajili yake. Wamefikishana hadi mahakamani.

Msimamo wangu mimi: mahali alipo tayari na hawezi kuondolewa, avuliwe na watu wapate riziki. Mahali hayupo asipelekwe hata mmoja. Na vile vijito vya juu vya huyo mwenyeji vilindwe kwa nguvu zote, hata ikibidi kumuua trauti kwa makusudi. Nasema hivi nikijua kuna wavuvi watanikasirikia. Kwenye hoja ya huruma ya upande mmoja umenishika pabaya, sina jibu la kukuridhisha. Sheria ya klabu ilisema achia, nikaachia.

---

Mnyalukolo Halisi

Kamwene wakuu. Nawashangaa mnavyotafuta pasipoti. Trauti wapo hapa hapa Tanzania. Waingereza waliwapanda kwenye mito ya Kilimanjaro, Usambara na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Walianza Kenya: Ewart Grogan aliwapeleka mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905, nao walitokea Loch Leven, Uskoti. Wazungu wa mashamba walikuwa hawawezi kuishi mahali bila kumpeleka samaki wao.

Mufindi kuna mabwawa kwenye mashamba ya chai, na baridi ya kule mwezi wa sita na wa saba mtu wa Dar analia. Unapanda basi Mbezi alfajiri, Mafinga unashuka ikiwa bado mchana. Ulizia kwanza kwa wenye maji, usiende na fimbo yako ukajitupia tu, ni mali za watu. Sitawadanganya kuwa ni mito ya mkondo kama ya kwenye uzi, mengi ni maji ya kutuama. Lakini kwa anayetaka kujua kama hii kitu anaipenda kabla hajauza kiwanja, aanzie huku.

---

Mshipi wa Msasani

@Mnyalukolo kamwene! Hii ndiyo ningeiweka juu kabisa. Ila nitofautishe kidogo: kwenye bwawa samaki ndiye anayetembea na wewe unamsubiri. Mtoni yeye amekaa na wewe ndiye unatembea. Unaweza kuwa fundi wa bwawa na mto ukakuaibisha.

---

Bi Mkubwa wa Tabata

Kaka mleta uzi, maswali ya watu wa kawaida. Gharama? Viza? Na mwanamke akienda na shughuli hii itamkalia sawa au ni mambo ya misuli?

---

Mshipi wa Msasani

@Bi Mkubwa viza hatuhitaji kwa matembezi, Mtanzania anaingia Afrika Kusini hadi siku 90. Ndege Dar hadi Johannesburg ni kama saa tatu na nusu, kisha unakodi gari au unatafuta wenzako mchangie, maana hadi Himeville ni mwendo wa nusu siku nzima barabarani. Pesa inakatika zaidi kwenye nauli na gari. Leseni ya uvuvi ya mkoa na ada ya maji ya siku haziumizi. Kiongozi anauma, lakini siku ya kwanza na ya pili mlipe bila kubishana, utajifunza mambo ya mwaka mzima. Wengi wanakukodisha na fimbo. Usinunue vifaa kabla hujavua.

Kuhusu misuli, kwenye kundi letu aliyekuwa anarusha vizuri kuliko wote ni dada mmoja wa Nairobi mwembamba kama ufito. Wanaume tulikuwa tunapigana na fimbo. Tahadhari ni ya kuvuka mto tu: vaa mkanda juu ya ile suruali ya mpira ili ukianguka maji yasijae ndani, tafuta fimbo ya kuegemea, na usivuke mahali ambapo huoni chini.

---

Dogo wa Kigamboni

Mkuu mi nauli sina ila fimbo ya nzi ninayo, jamaa mmoja mzungu aliniachia akihama. Imeandikwa 8 pale chini ya mpini. Naweza kuitumia huko?

---

Mshipi wa Msasani

@Dogo hiyo namba ni uzito wa mshipi. Mto mdogo wa trauti wanatumia 3 hadi 5, kwa hiyo yako ni kubwa, utamshtua samaki kila mshipi unapotua. Lakini 8 ndiyo inayofaa baharini. Umekaa juu ya hazina. Kigamboni huko maji yakianza kujaa, kolekole wadogo wanapanda kwenye miamba kufukuza dagaa, na kusi ikitulia asubuhi unaweza kurusha. Badilisha mshipi, nunua wa maji ya chumvi ya nchi za joto, ule wa nchi za baridi unalegea kwenye jua letu hadi unashindwa kunyooka. Rili ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka, chumvi itaila.

Kama upo Dar Jumamosi hii, tunafanya mazoezi ya kurusha kwenye majani, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Nitakutumia mahali kwa PM. Njoo na kofia na miwani. Ndoano hatutafunga, tunafunga kipande cha sufi nyekundu tu.

---

Mama Dagaa Feri

Na huyo kolekole mkimpata msimwachie. Mleteni Feri, nitawapa bei nzuri.